Nguo za nyumba nzima zimenishinda, na mwenyewe sina cha kuvaa

Asalaam aleikum Halati,

Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Langoni, Lamu. Wa kwanza mvulana ana miaka 8, wa pili msichana ana 5, na huyu mdogo ana miezi 8 bado ananyonya. Sijui hata nianze wapi maanake jambo lenyewe nikilisema mbele za watu naona nitaambiwa sina kazi, mtu mzima analia juu ya nguo. Lakini wallahi Halati nguo zimenishinda.

Kabla sijazaa nilikuwa mtu wa kujipenda. Si kujionyesha, la, ila nikitoka nilikuwa nimetoka, deraa imepigwa pasi, mtandio unaendana na viatu, buibui linanukia udi, hata leso za nyumbani nilikuwa nazivaa pea yake kamili si hii na ile. Wenzangu walikuwa wakiniuliza kitambaa hiki umekipata wapi, fundi wako nani. Sasa hivi nina deraa mbili za kuzungukia, moja ya zambarau na moja ya kijani iliyopauka, nikivua hii navaa ile, na zote zina doa la njano hapa begani ninapomlaza mtoto, halitoki hata nifanye nini, jua likipiga linanuka mafuta yaliyochacha. Nikiwa na safari natia buibui juu, basi. Nje naonekana mtu lakini ndani yake najua nilivyo.

Kufua ni kila siku ya Mungu. Nyumba yetu ni ile ya zamani ya ghorofa, mavyaa wangu anakaa chini sisi juu, kamba ya kuanikia iko darini kabisa, maji ya kisima ni ya chumvi sabuni haitoi povu, ya mfereji yana siku zake. Mume wangu anaendesha boti ya Mokowe, nguo zake ni grisi na maji ya bahari. Mvulana ana yunifomu ya skuli na kanzu ya chuo cha Kurani, nyeupe, na mpira anaucheza na kanzu ile ile. Msichana anabadilisha nguo mara tatu kwa siku kama anaenda harusini. Mdogo ana winda zake na mbeleko. Nafua za watoto, nafua za baba yao, zangu nazitia mwisho kwenye maji yaliyobaki, na kama nimechoka hazifuliwi. Zikishaanuliwa zinarundikwa kitandani, usiku nazisukuma pembeni tulale, asubuhi kila mtu anachokora rundo avae atakachokipata.

Nywele nazo zinakatika, nikichana zinajaa kitana. Na juzi mavyaa akaniambia, kwa uzuri tu si kwa ugomvi, "mwanangu zamani ulikuwa ukijua kujipamba". Nikaenda darini nikalia.

Sasa mwezi ujao binamu yangu anaolewa. Harusi ya mwisho iliyotokea kwetu sikwenda, nilisingizia mtoto ana homa, ukweli ni kuwa kule wanawake tuko peke yetu buibui linavuliwa, na sikuwa na nguo hata moja inayonifunga kifuani. Kitambaa cha sare nimeshanunua kiko ndani ya mfuko naogopa hata kukipeleka kwa fundi. Mume wangu anasema subiri nitanunua mashini ya kufulia yote yataisha. Yataisha kweli? Na zile nguo zangu za zamani zilizojaa kabati nizigawe? Natia blichi kila kitu siku hizi na bado havitakati.

Mama Watatu, Langoni


Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh mwanangu,

Kwanza lia, si aibu. Mtu akikosa cha kuvaa anajificha, na wewe umeshaanza kujificha, umekosa furaha ya watu wako kwa sababu ya nguo, hilo si jambo dogo na asikwambie mtu ni dogo.

Nimeisoma barua yako na sentensi moja ndiyo iliyonishika, pale uliposema zangu nazitia mwisho kwenye maji yaliyobaki. Hapo ndipo tatizo lako lilipokaa mwanangu. Fikiria hayo maji. Yamepita winda, yamepita kanzu ya mpira, yamepita grisi ya boti, halafu ndiyo deraa yako inaingia humo. Itatakataje? Inatoka na kijivu, inatoka na harufu ya wote, kesho huipendi, keshokutwa unaivaa kwa vile huna budi, na wewe ukijiona kwenye kioo unasema nimekuwa mchafu, kumbe umevaa uchafu wa watu wanne. Kuanzia wiki hii nguo zako ziingie karai ya kwanza, maji masafi, sabuni mbichi, pamoja na vijiguo vya mtoto vya juu ambavyo havina mkojo. Halafu nyeupe, halafu za rangi. Winda zina ndoo yake na nguo za boti zina ndoo yake, hizo hazikutani na kitu kingine chochote. Na kama siku hiyo maji yameishia karai ya pili, wacha yaishie hapo, grisi itangoja wewe umengoja vya kutosha.

Hilo doa la begani nalijua, wengi wanadhani ni maziwa tu na ndiyo maana halitoki. Mtoto unampaka mafuta ya nazi, si ndiyo? Kichwa chake kina mafuta, kinakaa begani kwako siku nzima, anacheua maziwa juu yake, jua linapiga. Ni mafuta na maziwa yamekaa tabaka tabaka. Sasa wewe ukiitosa deraa kwenye maji, maji yanakimbia mafuta, sabuni haifiki ndani. Fanya hivi, nguo ikiwa KAVU kabisa chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile inayokata mafuta ya sufuria, tia matone pale begani, isugue kwa kidole au mswaki mkuukuu ule laini, iache kama nusu saa, ndiyo uitie maji. Maji ya baridi, yale ya moto yanapika maziwa yakaganda ndani ya uzi. Doa la zamani kama lako halitatoka siku moja, rudia mara kadhaa, litakuwa linapungua. Na kutoka leo usimlaze begani patupu, tupia kitambaa cha pamba, nusu ya leso kuukuu inatosha, ikichafuka unafua hicho kitambaa tu deraa inabaki.

Blichi mwanangu weka chini. Doa la maziwa na jasho ukilitia blichi mara nyingi linazidi umanjano, rangi inakufa, na nguo yenye nailoni inaharibika kabisa. Kuna jambo la hatari zaidi ambalo nataka unisikie vizuri, blichi ikikutana na mkojo wa winda inatoa moshi mkali unaochoma macho na kifua, na ikikutana na siki au ndimu inatoa gesi ya sumu, na hatari inazidi ukifulia chooni mlango umefungwa mtoto yuko mgongoni. Winda zisuze kwanza kwa maji matupu mpaka mkojo utoke, ndiyo utie sabuni na maji ya moto, kisha jua la dari limalize kazi. Jua letu hili linatakatisha kuliko unavyodhani, hata doa la bizari, lile la mchuzi ambalo halisikii sabuni, ukilifua ukalianika juani likiwa bichi linafifia lenyewe.

Povu halitoki kwa sababu visima vya mjini vina chumvi na chokaa, tumejenga juu ya mawe ya matumbawe na maji yenyewe ndiyo hayo. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa inaganda, ule utando mweupe unaouona juu ya karai ndiyo sabuni yako imeshakufa, na ukishikana na nguo zinakuwa ngumu na kijivu. Kwa maji ya kisima tumia sabuni ya unga, inavumilia zaidi. Maji ya mfereji yanatoka visima vya Shela kule kwenye vilima vya mchanga, ni afadhali, siku yakija yaweke kwa ajili ya nguo zako na nyeupe, na hata kama umefulia ya kisima basi suza ya mwisho iwe ya mfereji. Na masika yakifika kinga maji ya mvua, jabia, lile tangi la kuhifadhi maji, kama mnayo au ndoo tu darini, maji ya mvua hayana chokaa, sabuni kidogo povu tele. Wazee wetu hawakuchimba majabia kwa kupenda kazi.

Buibui usilifue kila ulivalapo. Ukirudi ligeuze ndani nje, litundike penye upepo kivulini, kwapani lipanguse na kitambaa chenye maji. Likifuliwa iwe baridi, ligeuzwe, lisipigwe jua, weusi wake ndio uzuri wake na jua letu halina huruma na nyeusi.

Sasa wingi wa nguo. Mimi naona mna nguo nyingi mno zinazotembea humo ndani kwa wakati mmoja. Yule binti wa mara tatu kwa siku, toa nguo zake zote mbele yake, mwachie za wiki, nyingine funga mfuko weka juu ya kabati. Akibadilisha ile aliyoivua inatundikwa kwenye msumari, inavaliwa tena jioni, kuvaliwa saa moja si kuchafuka. Mvulana nae awe na kanzu ya chuo na fulana ya mpira, akitoka chuo hapiti mlango wa nje na mpira mpaka kanzu iko kwenye msumari. Miaka 8 ni mkubwa, kofia yake, soksi zake, chupi yake anafua mwenyewe, mwoneshe mara mbili ya tatu msimamie. Na tafadhali usije ukamfundisha dada yake peke yake kwa vile ni msichana, hilo naliona kwenye nyumba nyingi, kijana anakua hajui hata kukamua fulana halafu tunamtwisha binti wa watu.

Baba yao pia. Simwambii aache boti akae karaini. Lakini anaporudi jioni nguo zake za grisi azitie mwenyewe kwenye ndoo yake, azisuze chumvi, kuipandisha ile ndoo mpaka darini ni kazi ya mwenye mabega. Bi Aisha radhiallahu anha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Mwambie kwa upole, umwambie unachotaka waziwazi, ndoo hii uipandishe kila Jumanne na Ijumaa. Wanaume wengi ukiwaambia "nisaidie" hawajui waanzie wapi.

Rundo la kitandani nalo lina dawa yake na ni moja tu, usianue nguo nyingi kuliko unavyoweza kukunja. Kunja pale pale darini, upepo wa jioni ni mzuri, mtoto yuko kwenye mkeka pembeni yako, kila mtu na kifurushi chake amefungiwa ndani ya leso, mvulana anateremsha. Na hakikisha zimekauka kweli kabla ya kutia kabatini, kuta zetu za mawe zinavuta unyevu, nguo yenye ubichi kidogo inashika ukungu na hapo unarudi karaini upya. Kabati acha wazi mchana kuwe na hewa.

Haya sasa njoo wewe. Mwili wako umezaa mara tatu na bado unanyonyesha, kifua ni kikubwa kwa sababu kina kazi. Hauko njiani kurudi mahali, ndio mwili wako wa leo na unastahili nguo ya leo. Zile za zamani usizigawe kwa hasira. Toa zote siku moja mtoto amelala, zile za pamba zenye akiba kwenye mishono peleka kwa fundi aachie ubavuni, akikosa kitambaa atie kipande cha rangi nyingine chini ya kwapa mpaka kiunoni, kikichaguliwa vizuri kinakuwa pambo. Zile unazozipenda lakini zimekataa kabisa zifunge na udi kidogo uziweke, na zile ambazo ukizishika unajisikia vibaya ndizo utoe sadaka.

Kisha shona deraa mpya mbili tu. Pamba, maanake poliesta inashika jasho na harufu ya mafuta haitaki kuiachia hata uifue vipi. Rangi ya kukolea yenye maua madogo madogo, doa la maziwa halionekani ukiwa katikati ya barabara. Mwambie fundi atie zipu mbele, ifike chini ya kifua, iwe ile ya kujificha ndani ya mkunjo, mtoto ananyonya hujavua kitu na hujakaa wazi. Ukiwa na mbili mpya, na hizi mbili zako zikishatakata, una nne, zote zinavalika. Mtandio mmoja mzuri unaokwenda na zote nne. Usiku watoto wakilala asumini mbili tatu nyweleni. Ndivyo ulivyokuwa, mtu wa pea kamili, hujapotea popote.

Udi fukiza nguo tu, chumba kingine, mtoto asiwepo, mapafu yake bado madogo.

Nywele zisikutie hofu, baada ya kuzaa zinakatika hivyo kwa wengi, huanza kama mwezi wa tatu na kufikia mwaka huwa zimesharudi. Ila hilo la kulia darini nalitazama kwa jicho lingine. Kama ni siku moja kwa neno la mavyaa, sawa, moyo umejaa. Kama ni wiki mbili na zaidi kila siku uko hivyo, hutaki kula, usingizi hauji hata mtoto akilala, huoni raha ya kitu, basi mtoto anafikisha miezi 9 anakwenda chanjo ya surua, siku hiyo mwambie nesi wa kliniki mambo yako pia. Usiache kwa aibu, hii inawapata kina mama wengi na ina matibabu.

Na mavyaa wako, mimi sikuyasikia maneno yake kama lawama. Yeye amekuona zamani na anakumbuka. Teremka kwake na mtoto, mwambie mama, siku za kufua nishikie mjukuu wako saa moja tu. Nyumba iko na mikono na wewe unafua na mtoto mgongoni, kwa nini?

Harusi unakwenda. Kitambaa kitoe kwenye mfuko kesho, kiloweke maji baridi peke yake kabla hakijakatwa, kama kinapungua urefu au kuchuja rangi ujue sasa si baada ya kushonwa. Mpelekee fundi wiki hii, mafundi wakati wa harusi wanazidiwa. Mwambie akupime leo, asishone kwa kipimo alichonacho daftarini, aache akiba ya inchi 2 ubavuni kwa ndani, na zipu mbele hata kama sare za wenzako zina mgongoni, nani atajua. Sidiria ya kunyonyeshea inayokushika sawasawa nunua kabla ya kupimwa uende umeivaa, nusu ya nguo kukaa vizuri iko hapo. Siku yenyewe mtoto anyonye kabla hujavaa, vitambaa vya kuzuia maziwa viwili kifuani na viwili mkobani.

Mashini sasa. Akinunua pokea kwa mikono miwili, lakini muulize kwanza ni ipi. Zile zinazojifanyia kila kitu zinataka maji ya mfereji yenye nguvu, na mfereji wenu una siku zake, itakaa hapo mmeitandikia kitambaa. Ile ya matangi mawili, moja la kufua moja la kukamua, unaimiminia maji kwa ndoo mwenyewe, hiyo inafaa nyumba zetu. Itakupunguzia kufikicha na kukamua. Haipandi darini, haianiki, haikunji, na haijui nguo za nani ziingie kwanza, kwa hivyo ikifika mwambie mumeo zako ndizo zinazoizindua.

Halati